Ramani ya Zamani na Wakwe wa Fisksätra

Jumatatu, 5 Mei

Maboksi kumi na moja leo. Vitabu vya marehemu fulani. Mapishi, mapishi, Biblia, mapishi, namna ya kufuga samaki wa mapambo. Duka letu la mitumba hapa Hallunda lina vitabu vya mapishi vya kutosha taifa zima, na hakuna hata kimoja chenye doa la mchuzi. Mgongo unauma.

Boksi la mwisho, chini kabisa: kitabu kidogo chekundu. Jalada la kitambaa, kona zimelika. Cha Kiingereza, cha zama za Malkia Viktoria, cha kuwaongoza watalii huku Uswidi na Norwe. Nikakifungua nyuma. Kikafunguka. Kikaendelea kufunguka. Ramani ya Stockholm, imekunjwa mara nane, rangi tatu, mistari myembamba kama unywele, skeli chini, mshale wa kaskazini juu. Nikakaa juu ya boksi. Msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Hapa hakuna anayejua kwamba niliwahi kuwa mpima ardhi. Miaka mitatu Nairobi ya kubeba theodolaiti, darubini ya kupimia ardhi, juani, kisha nikaja huku kuongeza masomo, kisha maisha. Nimekinunua kitabu. Sijutii.

Jumatano, 7 Mei

Mama Neema ameuliza nitaondoa lini shuka langu mezani. Ramani anaiita shuka. Nimemwonyesha jinsi mchoraji alivyoweka kila kanisa, kila gati, hata bafu la umma lililokuwa linaelea mtoni. Amesema wageni wanakuja na meza inahitajika.

Wageni ndio jambo kubwa nyumba hii. Binti yetu Neema anataka kuolewa na Eric, Mrundi wa Fisksätra, fundi umeme. Kijana mzuri, anakula anachopewa. Baba yake alifariki, kwa hiyo neno la mwisho liko kwa baba yake mdogo, Mzee Deo. Huyo hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Anataka kwanza atufahamu. Nimesikia pembeni kwamba anawaogopa Wakenya, ati tuna maneno mengi na hatukubali kosa.

Mimi, maneno mengi. Nimeandika kurasa mbili kuhusu jambo hilo, kisha nikazichana.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeamka mapema nikaenda kuipima ramani.

Miaka ishirini na sita naishi mji huu na naujua kwa chini tu. Nyumbani Hagsätra napanda treni ya njia ya kijani, Slussen nabadilisha, nyekundu hadi Hallunda. Jioni kinyume chake. Maisha ya fuko. Juu sijui kuna nini zaidi ya daktari wa macho na ofisi ya uhamiaji.

Leo nimetoka juu pale Gamla stan, mji wa kale, ramani mkononi. Ajabu. Kila kichochoro kipo. Österlånggatan ipo. Kiwanja kikubwa kipo. Nimehesabu hatua kwa skeli kutoka kanisa moja hadi jingine, nikakosea hatua nne. Watu wanapita na simu zao, wanagongana. Mtalii mmoja aliniuliza njia. Nikamwelekeza. Nilimfuata kwa mbali nione kama atafika. Alifika.

Hitimisho: mji hauhami. Ramani ni sahihi.

Chuoni walitufundisha kwamba ramani haithibitishwi kwa nukta moja. Chukua tatu, zilizo mbalimbali. Lakini mvua ilianza, na miguu ilichoka.

Jumapili, 11 Mei

Ibada ya Kiswahili, kisha kahawa. Mhubiri Mkongo, mapambio ya Kitanzania, keki ya Kiswidi. Mzee Deo alikuwepo. Suti, tai, kalamu mbili mfukoni. Mtu wa ofisi, nikajua mara moja. Pamoja naye alikuwa shangazi yake Eric, Mama Espérance, aliyekuja kutoka Bujumbura kwa ajili ya jambo letu hili. Akasema tangu afike Uswidi ni wiki mbili na mji hajauona. Ameona Fisksätra na friza.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema siku ya Kupaa, ambayo hakuna kazi, nitawatembeza mimi. Kwa miguu. Bila simu, maana simu ni ya watu wasiojua waendako. Mzee Deo akainamisha kichwa.

"Sisi tutakufuata, mkwe," akasema.

Mkwe. Ameniita mkwe. Kwenye treni Neema ameniambia kwa Kiswidi kwamba sijui hata basi linasimama wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa kirefu. Watu wakahama viti.

Alhamisi, 15 Mei

Kitabu kinapendeza kukisoma. Kinamshauri msafiri abebe sabuni yake mwenyewe. Kinasema wenyeji ni wapole lakini hawaanzi mazungumzo, na hapo nikajua mwandishi alikuwa mkweli. Kinaonya pia dhidi ya Drottninggatan, barabara kuu, kwa sababu ya msongamano na wachuuzi. Afadhali mtu ashike vichochoro vya mtaa wa Klara. Vitulivu, vina kivuli.

Mpango wangu basi: mji wa kale, daraja la Norrbro, vichochoro vya Klara, kanisa la Klara (Mama Espérance ni mtu wa sala), kisha kilima cha Observatori. Juu ya kilima Mama Neema atakuwa ametandika kanga na pilau. Nimepima kwa uzi. Kutoka darajani hadi kwenye pilau ni dakika ishirini na tano, kwa mwendo wa shangazi mwenye heshima zake.

Jumanne, 27 Mei

Mama Neema anataka niijaribu njia yote kwanza. Nimekataa. Nimemwambia ramani ukiijaribu mara mbili unaitukana. Ukweli ni kwamba nimekuwa na zamu dukani Jumamosi zote, na nilikuwa na uhakika. Hasa uhakika.

Neema amekuja kutoka kwake bila kualikwa. Anasafisha meno ya watu kliniki siku nzima, kisha anakuja kunisafisha mimi. Akasema Mzee Deo atatoa jibu baada ya matembezi. Kisha akasema, "Baba, tafadhali, beba simu." Kwa Kiswahili. Huyu mtoto haniongeleshi Kiswahili ila jambo likiwa zito, kama siku ile alipovunjika mkono.

Nimeahidi kuibeba. Sikuahidi kuiwasha.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika kama ilivyokuwa, maana hakuna atakayesoma.

Saa nne asubuhi, kituo cha Gamla stan. Mzee Deo na suti. Eric. Neema. Mama Espérance na imvutano ya kijani, ile nguo yao ya heshima inayofungwa begani, na viatu vya kisigino kirefu. Mama Neema alikuwa ameshatangulia kilimani na sufuria. Jana alimkalisha Neema akamwambia: kesho baba yako hakosolewi mbele ya wakwe, hata akiwafikisha Norwe. Nilisikia kupitia ukuta. Nikafurahi. Mpumbavu mimi.

Mji wa kale ulikuwa ushindi mtupu. Kushoto, kulia, kanisa, kiwanja. Nilitembea kinyumenyume nikieleza, kama waongozaji wale wenye miavuli. Mama Espérance alisema "eh" mara nyingi. Eric alipiga picha. Darajani nikawaambia sasa tunaingia mji wa kaskazini.

Tukafika kona ya Drottninggatan. Imenyooka kama rula, moja kwa moja hadi chini ya kilima cha pilau. Mzee Deo akaitazama. Akanitazama. Nikamweleza kuhusu wachuuzi. "Ndiyo, mkwe," akasema, akaweka mikono nyuma.

Klara haipo.

Kanisa lipo, Mungu asifiwe, mnara unauona juu ya mapaa. Ila mtaa wenyewe, vichochoro, nyua, kivuli, vyote vilivunjwa zamani, kabla sijafikiria hata kuzaliwa, vikajengwa vioo na saruji. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba kichochoro changu cha kwanza kilianzia ndani ya duka la viatu. Nikadhani nimekosea kona. Tukarudi. Cha pili kilipita katikati ya benki. Cha tatu kilikuwa na mlango. Nikaufungua, tukaingia. Maegesho ya magari. Tukashuka ghorofa moja kwa sababu nilikuwa na matumaini. Tukashuka nyingine kwa sababu sikutaka kuonekana narudi nyuma. Watu watano wenye nguo za kanisani, chini ya ardhi, mstari mmoja, katikati ya magari. Mama Espérance akauliza kama hapa pia ni mahali pa kihistoria. Nikasema ndiyo.

Tulipotoka kulikuwa na muuza soseji kwenye kona. Mara ya kwanza hakututazama. Mara ya pili aliitikia kwa kichwa. Mara ya tatu alitupungia mkono, na kwa Mswidi hilo ni karibu undugu. Mnara wa kanisa ulikuwa mbele yetu, kisha nyuma, kisha upande ule ambao kwa ramani ilikuwa lazima uwe mto. Kanisani kwenyewe hatukufika. Mama Espérance akavua viatu, akavishika mkononi, akaendelea kwa soksi, kichwa juu.

Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililonitesa. Kila kona niligeuka, na kila kona walikuwa pale, wanne, kimya, wakinisubiri niseme. Neema ameuma mdomo. Eric anasoma mawingu. Nikisema kulia, Mzee Deo anasema ndiyo, mkwe. Nikisema hapana, kushoto, ndiyo, mkwe. Laiti angenitukana.

Saa saba na nusu. Njia ya dakika ishirini na tano. Nikatandaza ramani kwenye benchi la kituo cha basi. Upepo ukainua upande mmoja. Mzee Deo akashika kona yake kwa vidole viwili, taratibu, asiichane.

Basi likasimama. Mlango ukafunguka. Dereva akatoa kichwa, akauliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya kusikika Uppsala:

"Deo! Umepotea wewe?"

Mzee Deo akatazama viatu vyake. Akamjibu hapana, wanatembea tu. Dereva akacheka hadi akashika usukani. Akaniambia mimi, nisiyemjua, kwamba huyu bwana ndiye aliyemfundisha njia hii. Amelipitisha basi hapa miaka kumi na tisa.

Miaka kumi na tisa. Barabara hii hii. Kituo hiki hiki.

Nikamtazama Eric. Alijua, bila shaka. Neema alijua. Shangazi wa Bujumbura alijua. Mimi tu. Kumbe sikuwahi kumwuliza mtu huyu anafanya kazi gani. Niliona tai, nikajijibu mwenyewe.

Dereva anangoja. Abiria wanangoja. Mzee Deo akasema polepole, "Mkwe, ni wewe unajua. Ukisema tupande, tunapanda. Ukisema tutembee, tunatembea."

Kwetu mtu hamwombi mkwe njia. Afadhali alale porini. Nikatazama soksi za Mama Espérance. Zilikuwa nyeupe asubuhi.

"Nimepotea, mkwe," nikasema. "Nimepotea tangu darajani."

Tukapanda. Dakika kumi, hata sikupata muda wa kukunja ramani. Mama Neema alikuwa ameketi juu ya kanga peke yake tangu saa tano, na kunguru wawili upande wa pili wa sufuria. Hakuuliza kitu. Kwake hilo ni baya kuliko kuuliza. Pilau ilikuwa baridi. Tukaila. Mzee Deo aliisifu mara mbili. Kuhusu mengine yote, kimya.

Ijumaa, 30 Mei

Nimepanga vitabu vya mapishi kwa alfabeti. Hakuna aliyeniagiza. Aibu.

Jumapili, 1 Juni

Wakwe hawakuja kanisani. Eric alikuja peke yake. Miguu ya shangazi, akasema. Wakati wa kahawa Mkongo mmoja aliniuliza, nusu Kifaransa, kama nina matembezi mengine mwezi huu. Wamesikia wote. Nikaenda kujificha jikoni, nikaosha vikombe vya watu themanini.

Eric alinifuata, akachukua taulo, akaanza kukausha. Nikamwuliza mbona hakuna aliyesema. Akasema kwao kuna neno, ubupfasoni, adabu ya kumsitiri mwenzako. Mkubwa akipotea mbele yako, unapotea naye. Kumwachia apotee peke yake ndio utovu wa adabu.

Nikaosha kikombe kimoja mara tatu. Nampenda huyu kijana. Sijamwambia. Na sasa labda nimempotezea mke.

Jumanne, 3 Juni

Fisksätra kimya. Neema haniongeleshi, hata Kiswidi. Mama Neema ananiongelesha kuhusu taka tu: plastiki huku, karatasi kule.

Baada ya kazi nilishuka kituo cha T-Centralen, nikaenda Klara na ramani mkono mmoja na simu mkono mwingine. Nikatembea taratibu. Duka la viatu limekaa juu ya nyua mbili na kisima. Maegesho yetu yalikuwa bustani. Mpimaji wa zamani hakukosea. Alichora vizuri sana kitu ambacho hakipo tena. Mimi ndiye niliyekosea, tena kosa la mwaka wa kwanza, nukta moja. Muuza soseji akaniuliza wenzangu wako wapi.

Jumatano, 4 Juni

Nimeandika barua ya radhi. Imejaa methali. Nimeisoma, nikaona ni mtu yule yule mwenye maneno mengi. Nikaichana. Nikatuma ujumbe mfupi: Mkwe, nisamehe kwa miguu ya shangazi.

Jibu limekuja baada ya muda wa saa tatu. Ndiyo, mkwe.

Nimelitazama jioni nzima. Nimemwonyesha Mama Neema. Amesema ni zuri. Kisha amesema labda si zuri.

Alhamisi, 5 Juni

Mzee Deo amepiga simu. Tuende kula kwake Jumamosi, sote. Nilete na ile ramani. Akakata.

Kwa nini ramani? Kesi inahitaji ushahidi, ndiyo sababu. Anataka kutandaza kosa langu mezani mbele ya ukoo wake kabla hajasema hapana. Ni haki yake. Nimemwambia Mama Neema kwamba Neema asifike mapema, hiyo hapana aisikie kutoka kwangu. Amesema niache kujifanya nabii.

Jumamosi, 7 Juni

Fisksätra. Mama Neema na binti yake walitangulia na gari la Eric, na sufuria. Mimi nilitoka zamu, nikaja na treni, kitabu chekundu kifuani ndani ya koti.

Mzee Deo alikuwa ananisubiri kituoni. Suti ile ile. Tukasalimiana kwa mikono miwili. Akasema kwake ni hapo tu, dakika tatu. Nikamwona Mama Espérance kwenye roshani ya ghorofa ya pili, mbele yetu, anatupungia kitambaa.

Akashika kushoto. Nikamfuata. Tukapita majengo, yanafanana yote. Tukapita baiskeli nyekundu ya mtoto imefungwa kwenye nguzo. Akaniuliza habari za kazi. Nikamwambia, nami nikamwuliza zake, mara ya kwanza, na akanieleza: zamu ya alfajiri, theluji, abiria wanaolala. Alipenda sana ile njia ya Klara. Tukapita baiskeli nyekundu.

Nikaiona. Sikusema kitu. Roshanini sasa walikuwa watatu, Mama Neema mmojawapo.

Kulia, akasema. Ndiyo, mkwe, nikasema. Mikono yangu, sijui lini, ilikuwa imeshajiweka nyuma. Mara ya tatu kwenye baiskeli, Neema alikuwa ameongezeka roshanini, na wote wanne walikuwa wameziba midomo kwa kitambaa kimoja.

Mzee Deo akasimama. Akafuta paji la uso. Akatazama juu, jengo lake, dirisha lake, mke wa mkwe wake. Uso wa mchungaji siku ya mazishi.

"Mkwe," akasema, "nafikiri nimepotea."

Nikakohoa.

"Ni wewe unajua," nikamwambia. "Mimi nakufuata."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, tukazunguka mara ya nne. Kwenye mzunguko huo akaniambia wamekubali, tangu siku ile kwenye basi. Harusi wanaona Septemba. Akaomba baada ya kula nimwonyeshe kwenye ramani basi lake lingepita wapi wakati ule, na mimi nikatoa kitabu pale pale, tukasimama kando ya baiskeli, yeye ameshika kona yake, mimi yangu.

Chakula kilipoa. Mama Neema hakusema kitu.